Viti Mia Mbili na Arobaini

Ipo nchi moja, wala msiniulize jina lake. Serikali ya huko iliwahi kuwauliza wananchi kama wanapenda nchi yao itajwe jina hadithini au isitajwe, nao kwa kauli moja wakajibu, "Vyovyote tu." Basi jina likafungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati wanao wakubwa. Mimi nasimulia kama nilivyosikia, na pale nitakapoonekana ninawasema watu, mjue nimeteleza ulimi.

Nchi hiyo inaongozwa na Mheshimiwa Mtoshelezi. Ujanani alipelekwa ng'ambo kusoma uchumi. Wiki ya tatu ya masomo, mwalimu alichora ubaoni mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kisha katikati yake akachora mkunjo ulioshuka kutoka juu ukaishia chini pembeni. Huku chini ni mikate, alieleza, na huku kando ni maembe. Mlaji anaweza kupunguziwa mikate akaongezewa maembe, au kupunguziwa maembe akaongezewa mikate, na popote atakapowekwa juu ya mkunjo huo atakuwa ameridhika vilevile. Kijana yule machozi yalimlengalenga. Tangu azaliwe hajawahi kuona jambo zuri kama lile: unamchukulia mtu chake, na mtu yuko palepale, ameridhika!

Wiki ya nne mwalimu alikusudia kueleza kwamba mkunjo ni wa mlaji mwenyewe, na ni yeye peke yake ajuaye unapita wapi. Lakini wiki ya nne baba yake kijana alifariki, kiti cha nchi kikawa wazi, na Mheshimiwa akarudi nyumbani na elimu yake ya wiki tatu. Nchi nzima ilimpokea kwa ngoma.

Akaunda Wizara ya Kuridhika. Kila kaya, kila shule na kila zahanati ikachorewa mkunjo wake. Na kwa kuwa karatasi ina mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, Bunge likapitisha sheria kwamba hakuna mwananchi atakayehitaji zaidi ya vitu viwili kwa wakati mmoja. Mbunge mmoja alisimama akauliza, je, mtu akihitaji chumvi, sabuni na kiberiti? Wenzake walimcheka mpaka wakafuta machozi. Mwaka huohuo alipelekwa kuwa balozi katika nchi ambayo mpaka leo haijaonekana kwenye ramani.

*

Miongoni mwa wachora mikunjo alikuwapo Mkadam Ngwali, daraja la pili, mtu wa makamo, mpole, asiyeweza kumkanyaga hata sisimizi bila kumtaka radhi. Alikuwa na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba rula, penseli tatu, na kifutio ambacho kwa miaka kumi na tisa hakijawahi kugusa karatasi. Wenzake walimsifia sana kifutio kile. Kilikuwa bado cheupe, na pembe zake zote nne zilikuwa zimesimama.

Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza. Je, ungependa mafuta ya taa au unga? Je, ungependa kisima au bendera kubwa zaidi? Sasa watu wa nchi ile wana desturi moja waliyorithi kwa mababu, nayo ni kwamba mgeni haelezwi shida. Kusema "nataka" mbele ya mgeni ni kumwambia kuwa amekuja kwenye nyumba yenye upungufu, na huko ni kumfukuza. Ukimwuliza mtu wa kule, na tumbo lake linanguruma, ale wali au mihogo, atakwambia vyovyote tu. Ukimwuliza akiwa amevunjika mguu akae au asimame, atakwambia popote tu, usijisumbue.

Na Mkadam kila alipoingia alikuwa mgeni. Alitandikiwa mkeka mpya na kuletewa chai yenye sukari, nao wenye nyumba waliikopa sukari hiyo kwa jirani, na jirani kwa jirani yake, mpaka kijiko kile kimoja cha sukari kikawa kimezunguka mtaa mzima kumwahi yeye. Alikunywa, akauliza, akajibiwa, "Vyovyote tu, bwana." Yeye akaandika: *sawa*. Kisha akachora mkunjo. Kwa hesabu za Wizara, nchi ile ilikuwa imeridhika kwa asilimia mia moja, jambo ambalo halijawahi kutokea popote duniani, hata kwenye nchi zenye chakula.

Nami sitaki mumwone Mkadam mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa nchi ile. Mkewe alipomwuliza apike nini, alisema chochote tu, na kwa miaka ishirini na mitano alikula bamia ambazo hakuzipenda hata siku moja.

*

Miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, Mkadam alitumwa Tundwe, mji mdogo wa wachoma chokaa, ambako vumbi jeupe hutua juu ya kila kitu, hata kope za watu. Zahanati ya Tundwe ilisimamiwa na muuguzi mmoja, Bi Kazija, mjane mwenye binti mmoja wa miaka sita aitwaye Siti. Mtoto alikuwa na pumu. Watoto wengi wa Tundwe wana pumu, na kwa ajili yao zahanati ilikuwa na mitungi sita ya oksijeni.

Siku ile Bi Kazija alimkaribisha mgeni kwenye chumba cha chanjo. Alimwuliza, "Chai au kahawa, bwana?" Mkadam akajibu kama alivyolelewa, "Vyovyote tu, dada." Ikaja chai, na Siti akaingia na sahani ya vitumbua ameishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kujitahidi asimwage. Mkadam aliweka kikombe magotini, akafungua karatasi, akauliza kama alivyoandikiwa: "Je, zahanati ingependa mitungi ya oksijeni au viti vya plastiki?"

Bi Kazija alitabasamu. Kabla hajafungua kinywa, mtoto aliitika kwa sauti ya shuleni, "Mitungi! Sisi tunataka mitungi!"

Mama alimkata jicho, akamfinya kidogo begani. "Siti! Mgeni haambiwi hivyo." Kisha akamgeukia Mkadam, uso umemwiva kwa aibu. "Mwie radhi, bwana. Ni utoto tu. Nyinyi leteni vyovyote mtakavyoona inafaa. Ongeza kitumbua."

Mkadam aliongeza kitumbua. Kanuni ya saba ya Wizara inasema linaloandikwa ni jibu la mtu mzima, na kanuni anaijua. Aliandika: *sawa*. Akachora mkunjo: mtungi mmoja kwa viti arobaini, maana ndivyo jedwali lilivyoelekeza. Alimpapasa Siti kichwani, akaondoka akiwa ameshiba.

Ikawa katika mji mkuu kunajengwa Mnara wa Mkunjo, chuma kitupu, urefu wa minazi mitatu, na mafundi wa kuchomelea walihitaji oksijeni nyingi kwa mioto yao. Ikawa pia kwenye ghala la serikali kumejaa viti vya plastiki vilivyobaki baada ya mikutano ya hadhara. Basi Wizara ikaisogeza zahanati ya Tundwe juu ya mkunjo wake, kwa upole, bila kuiumiza. Lori lilipakua viti mia mbili na arobaini na kupakia mitungi sita. Dereva naye alikuwa mgeni, akapewa maji ya kunywa na kuagwa vizuri.

*

Sasa nirudi kwenye mwaka wenyewe, miaka mitatu baadaye, mwaka wa msiba. Jumatatu moja asubuhi Mkadam aliitwa na Mkurugenzi wa Mikunjo, Dakta Pandu Chwaya, mtu mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kusomwa. Alimkuta amesimama dirishani.

"Ndugu Mkadam," alisema Dakta Pandu bila kugeuka, "taifa limeshuka."

"Limeshuka, mheshimiwa?"

"Limeteremka. Jana usiku tulikuwa asilimia mia. Leo asubuhi tuko tisini na tisa na vipande. Ijumaa Mheshimiwa Mtoshelezi anazindua Mnara, na chini ya Mnara yameshachomelewa kwa chuma maneno ASILIMIA MIA. Chuma hakifutiki, Ndugu Mkadam. Kwa hiyo ni ukweli ndio utakaosogea mpaka ufike pale chuma kilipo."

"Ni nani ametushusha?"

"Mama mmoja wa Tundwe. Ametoka kwenye mkunjo wake bila kibali. Amefiwa na mtoto." Dakta Pandu aligeuka, akabadilisha miwani. "Mimi si mtu katili. Nina watoto. Lakini elimu yetu inatufundisha nini? Kwamba pengo la kitu kimoja huzibwa kwa kingine. Utakwenda, utamkalisha, utamwuliza: mstari wa kusimama mtoto, mstari wa kulala mchele. Ni magunia mangapi yatakayomrudisha pale alipokuwa Jumamosi? Aseme kumi, aseme ishirini, serikali haina kinyongo. Akitia sahihi tu, taifa limerudi mia."

Alimsukumia fomu. Juu iliandikwa: *Kilichopungua: mtoto, mmoja.* Jina lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, mahali pa maelezo yasiyo ya lazima. Mkadam alilisoma. Akalisoma tena. Akaishusha mikono yake chini ya meza, na Dakta Pandu akadhani anatafuta kalamu.

Njia nzima ya kwenda Tundwe alisikia sauti ile ya shuleni. *Mitungi! Sisi tunataka mitungi!* Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameuliza watu wasiohesabika, na katika wote hao ni mmoja tu aliyewahi kumjibu. Alikuwa na miaka sita, naye Mkadam hakuandika alichoambiwa.

*

Tundwe walikuwa siku ya tatu ya matanga. Wanaume walikuwa wamekaa chini uani, wanawake ndani, na vumbi la chokaa limewatulia wote. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye kuta zote za zahanati na kuzunguka nyumba ya Bi Kazija iliyo pembeni yake, vimebebana hadi kwenye bati, vyeupe, vina nembo ya taifa mgongoni. Hakuna aliyekuwa amekalia hata kimoja. Mzee mwenye goti bovu alikuwa amekaa mchangani na mguu ameunyoosha mbele, na kiti kiko nyuma yake, karibu kabisa.

Watu walimpisha mgeni. Bi Kazija alitoka ndani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Alikuwa amekonda. Alimtazama Mkadam kwa muda, akamtambua, akamwelekeza kwenye chumba kilekile cha chanjo.

"Chai au kahawa?" aliuliza.

"Vyovyote tu, dada. Usijisumbue."

Bi Kazija hakuondoka. Alisimama palepale mlangoni, mkono kwenye fremu. "Nimekuuliza chai au kahawa."

"Nimesema vyovyote..."

"Vyovyote hakuna hapa," alisema. Akakaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, wala hakuleta kitu. Mkadam hajawahi kuingia nyumba ya mtu asipewe chai. Hakujua mikono aiweke wapi.

Alitoa rambirambi zake, na alizitoa kwa moyo, lakini hata masikioni mwake mwenyewe zilisikika kama zimepigwa chapa. Kisha akaitoa fomu. Akalisema lile swali kwa haraka, macho chini, kuhusu mstari wa kusimama na mstari wa kulala, na magunia.

Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho. "Alikuja saa nne asubuhi kutoka madrasa," alisema, kana kwamba anajibu swali hilohilo. "Kifua kimembana, midomo imebadilika rangi. Nikamkalisha. Akaegemea mbele, hakupata pumzi. Nikasema labda kiti ni kifupi, nikamletea kingine. Nikaviweka viwili, kimoja juu ya kimoja, ili akae wima. Nikamtoa nje, nikamkalisha upepo unakopita. Unajua nilimkalisha viti vingapi, kaka yangu? Nilikuwa na kila kitu cha kumkalishia. Akaniambia, mama, nataka kulala. Nikamwambia usilale. Huyu alikuwa mtoto wa kusema nataka. Nilimfinya sana kwa neno hilo, na mwisho likawa ndilo la mwisho."

Mkadam alilia. Mchora mikunjo haruhusiwi kulia mbele ya mhojiwa, kanuni ya kumi na mbili, maana machozi huweza kumwelekeza mhojiwa upande mmoja wa karatasi. Alilia hivyohivyo, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Dada, ningejua..."

"Ulijua," alisema Bi Kazija, bila ukali. "Na mimi nilijua zaidi yako. Mimi ni muuguzi. Nilijua mtungi ni nini na kiti ni nini. Lakini ulikuwa na kikombe changu mkononi. Nilikuwa nakukirimu." Alifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nje walisikika watu wakiitikia dua.

Alipofunua uso, alizungumza kwa sauti ya kazini, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. "Magunia yako sitaki. Hata moja, hata elfu. Ninachotaka ni kimoja. Ile karatasi ya siku ile ipo?"

"Ipo. Karatasi zote zinahifadhiwa."

"Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa *sawa*."

"Kafute. Andika alichosema mtoto. Aliulizwa akajibu, mimi na wewe ndio mashahidi. Sitaki mwanangu awe amekufa na kwenye daftari la serikali imeandikwa sawa."

Mkadam alijua ombi lile lina uzito gani. Wizara nzima imekaa juu ya karatasi zile, kama nyumba iliyokaa juu ya msingi. Na hakuna hata moja iliyowahi kufutwa. Aliyafikiria mafao yake, yamebakiza miaka mitatu. Alimfikiria mkewe. Alitaka kusema nitaangalia, maana kwao hiyo ndiyo njia ya heshima ya kusema hapana.

"Nitafuta," alisema.

*

Alhamisi mchana, maofisa walipokuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya kupiga makofi kwa ajili ya kesho, Mkadam aliingia masjala. Aliitoa karatasi ya Tundwe. Mkunjo wake ulikuwa umechorwa kwa mkono mzuri, hakuwa na ubishi kwa hilo. Alichukua kile kifutio cheupe, akaanza kufuta. Kifutio kilikuwa kigumu kwa kukaa, kikaacha doa jeusi, akafuta tena mpaka pembe moja ikameguka. Mahali palipokuwa na *sawa* akaandika kwa wino: *Siti, miaka sita, aliulizwa mitungi au viti. Amejibu: mitungi.* Mkunjo aliufuta wote. Pale kwenye mstari wa mitungi akaweka nukta moja, na hakuiunganisha na kitu.

Hakutoroka. Aliipeleka mwenyewe mezani kwa Dakta Pandu, pamoja na fomu ya magunia iliyokuwa tupu.

Kwa kuwa haijawahi kutokea mtu kujibu swali la serikali, iliundwa Kamati ya dharura, nayo ilikaa siku hiyohiyo. Mkadam aliitwa asimame mbele yake. Dakta Pandu alikuwa mwenyekiti.

"Ndugu Mkadam, hii nukta ni nini?"

"Ni jibu, mheshimiwa."

"Nukta haina mwendo. Mtu hawezi kusogezwa juu ya nukta!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hawezi."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja, aliyekuwa na huruma, akajaribu kumsaidia. "Labda tumwulize mwenyewe anapendelea nini, kuonywa au kustaafishwa?" Ukumbi mzima ulisubiri lile neno, nao walikuwa tayari kumsamehe.

Lilimfika Mkadam ulimini. Miaka hamsini lilikuwa limekaa pale. Alilimeza. "Nataka mitungi ya Tundwe irudishwe," alisema. "Sita. Nataka watoto waliobaki wapate hewa." Sauti yake ilitoka nyembamba, ya mtu asiyezoea. Karani wa Kamati aliacha kuandika, kwa sababu mashine yake haikuwa na mahali pa kuliweka neno la kwanza.

"Mitungi imeshakwisha," alisema Dakta Pandu polepole. "Iko ndani ya Mnara. Ukipita Ijumaa utaiona, imeshikilia vyuma."

Kamati ilitoa uamuzi wake jioni, nami nauelezea kama ulivyosomwa. Kwanza, jibu la mtoto ni halali, maana alikuwa raia. Pili, mtoto huyo sasa ni marehemu. Tatu, imethibitika kitaalamu kuwa marehemu hajali apewe hiki au kile, hachagui, halalamiki, na popote atakapowekwa anatulia; kwa hiyo marehemu ndiye mwananchi aliyeridhika kuliko wote. Nne, kwa kuwa Tundwe imepata marehemu mmoja zaidi, ridhaa ya taifa haikushuka bali imepanda. Wajumbe walisimama wakapigiana makofi, na wengine wanasema Dakta Pandu aliitwa Ikulu usiku huo kushauriana kama jambo hilo linaweza kupanuliwa.

Ijumaa Mnara ulizinduliwa. Mheshimiwa Mtoshelezi alikata utepe, akautazama ule mkunjo wa chuma ukishuka kutoka mawinguni, na machozi yakamlengalenga kama siku ile ya wiki ya tatu. ASILIMIA MIA iling'aa juani.

Mkadam aliondolewa kwenye karatasi. Mtu aliyeondolewa kwenye karatasi haulizwi tena kitu chochote. Kwa Bi Kazija, aliyekataa kutaja magunia, Wizara iliona vyema kutuma rambirambi za jumla, viti arobaini.

*

Wiki mbili baadaye Mkadam alifika Tundwe tena. Hakuwa na mkoba. Alivikuta vile viti vipya bado vina nailoni, vimewekwa mbali na vingine, na kuku wamelala chini yake.

Bi Kazija alikuwa amerudi kazini. Alikuwa akimsikiliza kifua mtoto wa jirani, amemwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Alipomaliza alimwona mgeni mlangoni. Hawakuamkiana sana. Mkadam alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameinakili ile karatasi ya masjala kwa mkono wake kabla hajaipeleka.

"Nilifuta," alisema.

"Nisomee."

"*Siti, miaka sita, aliulizwa mitungi au viti. Amejibu: mitungi.*"

"Soma tena."

Alisoma tena. Bi Kazija aliipokea ile karatasi, akapitisha kidole juu ya jina, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akaitia kifuani ndani ya kanga. Mkadam alimweleza habari za Kamati, lakini Bi Kazija hakuonekana kuzisikiliza. Alikuwa analia taratibu huku akivifuta vifaa vyake na kuvirudisha mahali pake.

Kisha, kama mwenye nyumba yeyote, akauliza, "Chai au kahawa, kaka?"

Mkadam alikuwa ametembea kutoka kituoni, koo limemkauka kwa chokaa. Alifikiria kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani akasahau wapi.

"Kahawa," alisema. "Nataka kahawa, dada."

Bi Kazija alimtazama. Midomo ilimcheza, ikawa kama anataka kucheka, na machozi yakaendelea kumtoka vilevile.

"Kahawa hakuna," alisema. "Hata siku ile haikuwepo. Niliposema chai au kahawa, nilikuwa namwomba Mungu useme chai."